Akiba Inayooza

Nilimdanganya jirani yetu usiku mmoja wa Aprili 2022, na uongo wenyewe ulikuwa maneno matatu tu: "Hatuna mafuta, mzee."

Kama ulikuwa Kenya mwezi huo, unakumbuka. Petroli ilipotea. Serikali ilikuwa imechelewa kuzilipa kampuni za mafuta fidia ya kushikilia bei chini, kisha ikazilaumu kampuni hizo kwamba zinaficha mafuta, na sisi wengine tukabaki kuangalia tu. Kisii mjini foleni za magari zilianza kabla ya jua kuchomoza. Boda zililala. Tarehe 14 bei mpya ikatangazwa: Nairobi, lita moja ya petroli ilitoka shilingi 134.72 ikaenda 144.62. Huku kwetu milimani huongezeka kidogo kwa sababu ya usafiri, na kwa wale waliouza kwenye chupa kando ya barabara, bei ilikuwa ile mdomo wao ulitaka.

Baba mdogo ana kinyozi upande wa Kebirigo, Nyamira, na jenereta ndogo ya kumwokoa stima ikipotea. Siku hiyo aliamka saa tisa usiku, akapanga foleni hadi saa nne asubuhi, akarudi na lita ishirini kwenye mtungi wa njano uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Sikuuliza alimpa nani nini ili ajaziwe. Tuliubeba pamoja hadi stoo ya nyanya, au magokoro tunavyomwita, tukauficha nyuma ya magunia, chini ya mabati. Najua ni hatari. Usiige.

Usiku huohuo, kama saa tano, hodi ikapigwa. Jirani. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na mwenye boda alikuwa tayari kumpeleka hospitali ila tangi lake lilikuwa kavu. Aliomba lita mbili. Hakuomba bure, noti alikuwa nazo mkononi. Baba mdogo alinitazama akatikisa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango, kwa hiyo mimi ndiye niliyesema.

Walimtembeza mama polepole hadi barabara kuu, wakasubiri, na kulipopambazuka wakapata lifti kwenye pikapu ya maziwa. Mtoto alizaliwa salama. Siku hizi anakimbia, na akiniona ananiita anko.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na mimi ningejiambia kwamba hakuna aliyeumia. Kilichonikatalia ni ule mtungi.

*

Upungufu uliisha baada ya wiki chache. Sasa ungetarajia mtungi ufunguliwe, sivyo? Haukufunguliwa. Mwezi wa tano bei ilipanda hadi 150.12, mwezi wa sita 159.12, mwezi wa tisa 179.30. Kila tarehe 14 tulikaa kando ya redio, na kila tangazo lilimpa baba mdogo sababu mpya ya kungoja. Stima ikipotea alinunua lita moja stesheni, akaacha ule mtungi. Ule ulikuwa akiba, na akiba ni ya siku mbaya. Nilipomuuliza siku mbaya ni ipi, alinijibu kama mtu anayemjibu mtoto: "Utaijua ikifika."

Ilifika Septemba 2023. Lita moja ilivuka shilingi mia mbili kwa mara ya kwanza, 211.64. Baba mdogo aliutoa mtungi stoo kama mtu anayemtoa ng'ombe aliyenona. Ulikuwa umepungua ingawa hakuna aliyeugusa. Alipofungua kifuniko, harufu haikuwa ile kali ya petroli inayokupanda puani. Ilikuwa nzito na chachu, kama rangi ya ukuta iliyosahaulika kwenye mkebe. Na rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyochemka mno.

Akaimimina kwenye jenereta hivyo hivyo. Ikakohoa, ikawaka, ikanguruma kama dakika kumi, ikafa katikati ya kichwa cha mteja. Huyo mteja alienda nyumbani amenyolewa upande mmoja na kitambaa kichwani, na mpaka leo kijijini wanamwita Nusu.

Tulibeba jenereta hadi kwa fundi mmoja Daraja Mbili, Kisii. Alifungua kabureta, akanionyesha kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia. Kilikuwa kimezibwa na kitu cha hudhurungi, kinata kama asali iliyokauka. Akakikwaruza kwa waya. "Hii si petroli tena," alisema. "Hii ni vanishi. Ungepaka kiti." Kusafisha, plagi mpya na kazi yake vilizidi kile ambacho baba mdogo alidhani ameokoa kwa kuhifadhi.

Njiani tukirudi, kwenye matatu, nilikuwa nafikiria methali ambayo kila mtu aliyepita shule ya msingi aliambiwa aitumie kwenye insha. Akiba haiozi. Kumbe inaoza.

*

Nimeacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo usinichukulie kama mwanakemia. Lakini nilisoma kuhusu jambo hili kwa hasira ya mtu aliyetapeliwa, na nitakueleza nilichoelewa.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya aina za molekuli za kaboni na haidrojeni. Zile nyepesi ndizo husaidia injini kuwaka haraka, na ndizo hutoroka kwanza. Hupita kwenye kifuniko kisichobana, na nyingine hupenya hata plastiki yenyewe ya mtungi. Ndiyo maana mtungi ulipungua bila mwizi.

Zinazobaki hukutana na oksijeni. Kadiri mtungi unavyokuwa na nafasi tupu juu, ndivyo hewa inavyokuwa nyingi ndani, na joto la mabati huongeza kasi. Oksijeni hushika molekuli iliyo dhaifu na kuigeuza kuwa peroksidi. Peroksidi hiyo haitulii. Ikivunjika inaharibu molekuli ya pili, ya pili inaharibu ya tatu, mnyororo unaendelea. Mwishoni molekuli zilizoharibika hushikana na kuwa ile gundi aliyoikwaruza fundi. Petroli kwenye mtungi uliofungwa vizuri na mahali penye baridi huweza kukaa miezi sita hadi mwaka hivi. Dizeli huvumilia zaidi, ila nayo ina adui wake: mvuke wa hewa hugeuka maji usiku wa baridi, maji hushuka chini ya pipa, na pale maji yanapokutana na dizeli humea kuvu na bakteria ambao chakula chao ni dizeli hiyo hiyo. Mwenye posho mill aliyewahi kutoa utelezi mweusi kwenye filta anajua ninachosema.

Sasa, kuna sehemu moja iliyonifanya niache kusoma na kutoka nje kidogo.

Wenye viwanda wanajua mafuta huharibika, kwa hiyo huongeza ndani yake dawa inayoitwa antioksidanti. Kazi yake ni kujitoa. Mnyororo ule wa uharibifu ukianza, molekuli ya dawa hutoa haidrojeni yake yenyewe, ikauzima. Na ikishajitoa, imekwisha. Haitumiki tena. Wataalamu hupima uwezo huo kwa kufungia petroli kwenye chombo pamoja na oksijeni, kwa joto la nyuzi 100, kisha wanahesabu dakika. Kwa muda mrefu hakuna kinachoonekana: presha ya oksijeni imetulia tu pale pale. Halafu ghafla inaanguka, kwa sababu oksijeni imeanza kunywewa. Kiwango cha Ulaya kinataka petroli ivumilie angalau dakika 360 kabla ya kuanguka huko.

Yaani ule muda wote ambao unaangalia na kusema "iko sawa", haiko sawa. Kuna kitu mle ndani kinajimaliza ili wewe uone utulivu.

*

Tuje kwa swali lenyewe. Je, tulikosa?

Nianze na utetezi wa baba mdogo, maana ni rahisi kumfanya mtu mbaya na yeye si mtu mbaya. Ana watoto watatu. Kinyozi kikifungwa siku mbili, wiki hiyo watu wanakula kwa madeni. Aliamka saa tisa usiku wakati wengine wamelala. Hakuiba, na hakuuza kwa bei ya kunyonga mtu. Mtu wa familia ana haki ya kuangalia watu wake kwanza, na kuweka akiba ni jambo tunalosifia: tunafungua chama, tunamwambia kijana asile mshahara wote. Kama busara ni kosa, basi hakuna mzazi msafi Gusii nzima.

Lakini kuna kitu kimoja nilichobeba kutoka chuoni, zaidi ya deni la karo. Ni darasa la asubuhi la falsafa, ambapo tulisoma habari za Mwingereza John Locke. Katika kitabu chake cha mwaka 1689 alijiuliza mtu anapataje haki ya kusema "hiki ni changu" wakati dunia ni ya wote. Alijibu kwamba unapata haki hiyo kwa jasho lako, ila ina mpaka: chukua kile unachoweza kukitumia kabla hakijaharibika. Kinachozidi hapo ni fungu la mwingine. Siku hiyo darasani nilisinzia. Nilikuja kuelewa Daraja Mbili, nikiangalia kabureta.

Kwa sababu ile gundi ilikuwa ushahidi. Usiku ule tulijiambia kwamba tunahitaji lita zote ishirini. Miezi kumi na saba baadaye mtungi ulijibu: hamkuhitaji hata moja. Jenereta iliendelea, kinyozi kiliendelea, watoto walikula, na mtungi uko palepale. Kitu kinachoozea mikononi mwako kinasema ukweli ambao wewe mwenyewe ulikuwa huna nguvu za kuusema.

Utaniambia, hiyo ni hekima ya kutazama nyuma. Usiku ule nani alijua upungufu utaisha lini? Kweli, hakuna. Na ukisema kosa letu lilitokana na petroli kuharibika, basi unasema kwamba kama tungeitumia yote mwezi wa tano tungekuwa safi. Hapana. Kosa lilikuwa limeshatokea mlangoni, petroli ikiwa bado mbichi. Na ukisema mtoto alizaliwa salama kwa hiyo hakuna kosa, unampa dereva wa pikapu ya maziwa kazi ya kutusafisha, na yeye hata hatujui.

Ninachoweza kusema bila kujidanganya ni hesabu. Aliomba lita mbili kati ya ishirini. Hata siku mbaya ingekuja kesho yake, tungekuwa na kumi na nane. Kati ya siku mbaya tuliyoiwazia na siku mbaya iliyosimama mlangoni ikiwa imeshika noti, tulichagua ya kuwazia.

*

Watu wanaohifadhi mafuta kwa kazi hawafanyi kama sisi. Baada ya shida ya mafuta ya 1973, nchi tajiri ziliunda Shirika la Kimataifa la Nishati mwaka 1974, na wanachama wanaoagiza mafuta hutakiwa kuwa na akiba ya siku 90. Marekani huweka akiba yake kubwa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi, Texas na Louisiana, lakini wanachoweka humo ni mafuta ghafi, ambayo hukaa miaka. Petroli iliyosafishwa ni habari nyingine: anayeihifadhi lazima aizungushe, ya zamani itoke iuzwe, mpya iingie. Tangi linaonekana limejaa mwaka mzima, ila kilichomo si kilekile.

Na sisi Kenya, tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiache kusafisha mwaka 2013, kila lita inatoka nje ikiwa tayari imesafishwa: meli hadi Mombasa, bomba hadi bara, kisha lori linapanda milima kutuletea. Petroli ikifika Kisii ina umri tayari. Saa yake ilianza kugonga zamani.

Mtu aliyekuwa anajua haya yote bila kusoma ni magokoro. Katika stoo ileile tuliyoficha mtungi, yeye alikuwa na wimbi. Wimbi ni nafaka ya ajabu. Likikaushwa vizuri wadudu hawalitaki, na linaweza kukaa miaka. Kama kuna akiba isiyooza, ni hiyo. Lakini hata hilo hakuliacha likae tu. Kila msimu alitoa la zamani kwanza. Aliyekosa mbegu alipewa kikapu, akavuna, akarudisha kikapu cha wimbi jipya. Kwa hiyo stoo yake ilijaa kwa sababu ilikuwa inatoka. Nusu ya akiba yake wakati wowote ilikuwa kwenye mashamba ya watu wengine, ikiota.

Nilikuwa nadhani huo ni ukarimu tu wa wazee. Sasa naona pia ni ufundi wa kuhifadhi.

*

Nimebakisha jirani.

Baada ya usiku ule hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo lililonitesa. Alitusalimia vilevile. Magokoro alipougua mapema 2023, alikuja na maziwa. Alipofariki, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Nilijiambia mambo yako sawa, hakujua, imepita. Niliahirisha kumwambia ukweli kama nilivyoahirisha masomo yangu: nitarudi muhula ujao, nikipata karo, nikijipanga. Nilidhani nafasi ya kuomba msamaha nayo ni akiba, nitaitumia siku ikifaa. Sikufikiria kwamba ule utulivu ulikuwa na mtu anayeulipia.

Tulipotoka Daraja Mbili na jenereta, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilienda kwake. Alikuwa anachuma majani chai kwenye vile vistari vichache alivyonavyo. Nilimwambia yote, mtungi, stoo, baba mdogo kutikisa kichwa, mimi kufungua mdomo. Aliendelea kuchuma nikiongea. Nikamaliza.

"Nilijua, kijana wangu," alisema.

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa unanuka petroli."

Tulibeba mtungi mchana, mimi na baba mdogo, na ulikuwa unavuja kidogo kwenye kifuniko. Nilisimama mlangoni nikasema hatuna mafuta, na shati langu likasema tunayo. Alikaa na hilo miezi kumi na saba. Alileta maziwa akiwa nalo. Alichimba kaburi akiwa nalo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alingoja niseme mwenyewe, na kwamba mwaka wa kwanza kungoja kulikuwa rahisi, lakini huu wa pili alikuwa ameanza kuchoka. "Ungekawia kidogo," alisema, akatupa majani kikapuni, hakumaliza sentensi.

Nilimweleza baba mdogo jioni. Alinyamaza muda mrefu. Hakwenda kwa jirani siku hiyo, na sitadanganya kwamba alienda kesho yake. Alienda baada ya mwezi mmoja hivi, na walichozungumza sikijui, kwa sababu nilipowaona walikuwa wanacheka kuhusu Nusu.

Siku hizi bado tunaweka mafuta kidogo, lita tano, kwenye mtungi wa chuma unaofunga sawasawa, nje ya nyumba, mbali na moto. Baba mdogo ameubandika karatasi na kuandika tarehe kwa kalamu nzito. Miezi mitatu ikipita tunayatumia tunanunua mengine, na mwenye shida akija kabla ya hapo anapewa, anarudisha anapoweza. Wawili hawajarudisha. Baba mdogo analalamika kuhusu hao wawili karibu kila wiki, na ana haki ya kulalamika. Lakini karatasi bado iko pale, na tarehe iliyoandikwa mwisho ni ya mwezi huu.